Siku ya mbege kijijini kuchangia paa la zahanati: naomba vipimo, kalenda na namna ya kulinda fedha

Katibu_Kamati

Habari za jioni wakuu. Kamati ya kijiji chetu, ukanda wa juu wa Kilimanjaro, imepewa kazi ya kuandaa siku ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, Jumamosi tarehe 27 Desemba, wakati wenyeji wa Dar, Arusha na kwingineko wakiwa nyumbani. Lengo ni shilingi milioni 3 za bati na mbao za wodi ya wazazi kwenye zahanati. Kuta zimeshapanda, paa bado.

Tunatarajia watu kama 500, na tunakadiria wanywaji 200. Ninayoomba kwa wanaojua:

Tupike lita ngapi, na tuanze lini ili mbege iive siku hiyohiyo? Vipimo vya ndizi na ulezi vikoje kwa wingi huo? Vibali gani vinahitajika? Na kubwa zaidi, fedha tuzilinde vipi? Shughuli za namna hii watu wanakunywa vizuri, wanacheza vizuri, kisha hesabu inasomwa na hakuna kitu.

Natanguliza shukrani.

---

Mama_Kihamba

Karibu ndugu Katibu. Nakujibu ya upishi, ya fedha wapo wenzangu.

Kwa wanywaji 200 weka wastani wa lita 2 kwa mtu kwa mchana mzima, yaani lita 400. Usizidishe. Mbege haina kesho: ikishachanganywa na uji wa ulezi inakwenda tu, na ukiipa siku mbili imekuwa chungu kali ya kukunja uso. Bora iishe saa kumi na moja jioni watu wakiwa bado wanaitamani.

Kipimo cha kuanzia kwa lita 400 ni hiki, na mpishi wenu atakirekebisha kwa mkono wake: nusu maji ya ndizi, nusu uji wa ulezi. Maji ya ndizi lita 200 yanatokana na kilo 100 hadi 120 za ndizi mbivu zilizokwisha kumenywa, yaani mikungu 10 hadi 12 ya kilo 20. Ganda na shina la mkungu vinakula karibu nusu ya uzito, hapo ndipo wengi wanakosea hesabu wakaishia mbege nyepesi. Ulezi mkavu kilo 40 hadi 45. Ndizi ng'ombe au mlelembo ndizo zenyewe. Kisukari unaweza kuchanganya kidogo kwa utamu, lakini mchare waachie wa mtori.

Sasa kalenda, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 27:

Jumatatu tarehe 15, loweka ulezi. Usiku mmoja na mchana wake unatosha, ukibadilisha maji mara mbili. Tarehe 16 mwaga maji, tandaza ulezi juu ya gunia safi kimo cha vidole viwili, funika kwa gunia lililoloa au majani ya mgomba. Nyunyizia maji asubuhi na jioni na ugeuze kwa mkono. Usipogeuza, katikati panapata joto na kuota ukungu mweupe au wa kijani. Ukiona hivyo tupa, usioshe ukaendelea. Siku ya tatu utaona vijimizizi vimeshikana kama mkeka. Ukinyanyua kipande kinakuja chote. Hapo kimea, yaani ulezi uliochipua, kimefika, usingoje majani.

Tarehe 19 anika. Desemba mvua za vuli bado zinanyemelea, kwa hiyo andaa na dari la jikoni juu ya moto mdogo endapo jua litakataa. Kimea hakijakauka kama ukikibana kati ya meno kinalala badala ya kuvunjika. Kikienda mashineni kibichi kinaganda kwenye jiwe na unga utapata joto. Saga tarehe 23.

Ndizi zikatwe tarehe 17, zikiwa zimekomaa lakini kijani, na zivundikwe pamoja ili ziive pamoja. Ukivundika kwa siku tofauti utapika mbichi na zilizooza katika sufuria moja. Tarehe 23 zinakuwa njano na madoa. Menya, weka kwenye sufuria kubwa au pipa la kupikia, maji karibu mara mbili ya uzito wa ndizi, chemsha saa tatu hadi nne ukikoroga hadi mchuzi uwe mwekundu wa kahawia na ndizi zivunjikevunjike. Rangi hiyo ndiyo kipimo. Ikibaki njano, pombe itakuwa na harufu ya ndizi mbichi hata uifanyeje.

Ipoe kabisa kabla ya kuhamishia kwenye mapipa ya kuchachushia. Mnaanza kwa mabaki kidogo ya mbege nzuri ya jirani, lita 2 kwa pipa. Msijaze pipa! Lita 200 za maji ya ndizi na machicha yake zigaweni kwenye mapipa matatu ya lita 200. Povu linapanda, na pipa lililojaa linamwaga chakula chenu sakafuni usiku. Funika kwa kitambaa na majani ya mgomba, mfuniko usikazwe.

Kuanzia tarehe 23 hadi 26 ni siku tatu. Huku juu kuna baridi, kwa hiyo mapipa yakae jikoni karibu na moto. Tarehe 24 jioni tega sikio mdomoni mwa pipa: unasikia mchemko mwororo, kama mvua ndogo juu ya majani. Machicha yamepanda juu yamekuwa kofia yenye mipasuko, na povu linachungulia katika mipasuko hiyo. Kukiwa kimya, pipa limepata baridi. Lizungushieni magunia, sogezeni motoni, ongezeni chachu lita moja. Krismasi yenyewe hakuna kazi ila kuchungulia.

Tarehe 26 asubuhi chuja kwa nguo safi ya nailoni, kamua machicha. Mchana pika uji: unga wa kimea kilo 35 hadi 40 kwa maji yanayotosha kubaki lita 200 za uji. Koroga unga kwanza kwa maji baridi, pandisha moto polepole. Bakiza kilo 2 za unga, utie uji ukishakuwa vuguvugu, mkono ukivumilia ndani. Kimea kibichi, yaani kisichopikwa, ndicho kinachofanya uji uwe laini na kuutia utamu, na kikitiwa kwenye uji wa moto nguvu yake inakufa. Uji ukipoa kabisa, changanya na maji ya ndizi jioni. Jumamosi saa nne au tano asubuhi imefika.

---

Msesewa_Tree

Mama kamaliza, ila hajagusa mti wa msesewa. Magome yake ndiyo yanayotia uchungu unaofanya mbege isiwe juisi tu. Kwa lita 400 chukua vipande vitatu hivi vya ukubwa wa kiganja, vilivyokaushwa, chemsha pembeni kwa lita 10 za maji, kisha tia maji hayo kwenye uji kidogo kidogo ukionja. Usitumbukize magome yenyewe ndani ya uji ukayasahau. Uchungu hauondoki, na huwezi kuupunguza kwa sukari.

Mti huu ni wa jamii inayotoa dawa kali, kwa hiyo kidogo ni salama kuliko kingi. Na bandueni upande mmoja tu wa shina, kipande kirefu na chembamba. Ukizungushia shina lote mti unakufa.

---

Mama_Kihamba

Nakubaliana, ingawa kwa shughuli yenye wageni wengi wa mjini mimi naweka vipande viwili. Wengi wao hawajazoea.

---

Bwana_Afya_Mstaafu

Ndugu Katibu, naongeza yanayohusu usalama. Yasipokaa sawa hakuna wodi itakayofidia.

Nafaka kwanza. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni ilidhaniwa ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ukaonyesha ni sumu ya bakteria waliokuwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika, na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Hapa kwetu mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara kutokana na mahindi. Nayo haiondoki kwa moto. Kwa hiyo ulezi wenye ukungu, au uliolowa ghalani ukakaushwa tena, usiingie kwenye shughuli hii, hata kama umetolewa bure na mtu mwema. Pokeeni mapema, chambueni mchana kweupe, na mtu mmoja apewe mamlaka ya kukataa.

Pili vyombo. Pipa la bluu la plastiki liwe lililobeba chakula. Lililobeba dawa za kahawa au kemikali ya kiwandani halisafishiki, hata kwa maji ya moto mara kumi. Pipa la bati lenye zinki msilitumie kuchachushia wala kuhifadhia: asidi ya mbege inakula zinki, na wanywaji watatapika. Pipa la chuma tupu nalo linatoa kutu kwenye pombe. Kuchachushia tumieni plastiki ya chakula au mbao; sufuria nzima za alumini ni za kupikia tu.

Dumu lenye mbege lisifungwe mfuniko ukakazwa. Inaendelea kuchachuka njiani, dumu linavimba kisha linapasuka au mfuniko unaruka usoni kwa mtu.

Kuosha vikombe ndiko kunakoleta kuhara. Wekeni beseni tatu: ya sabuni, ya kusuuza, na ya jiki. Jiki ya asilimia 3.5 mililita 100 kwa ndoo ya lita 20, kikombe kizame dakika 2, kisha kianikwe mdomo chini juu ya kichanja. Msifute kwa kitambaa. Maji ya beseni ya tatu yabadilishwe kila saa, maana mabaki ya mbege yanaua nguvu ya klorini. Kibuyu na kata ni za wazee na za mnada. Wengine wote wapewe vikombe vinavyooshwa.

Vyoo: kwa watu 500 wanaokunywa, matundu 10 ni ya lazima, ya wanaume na wanawake mbalimbali, na ndoo yenye koki na sabuni kila upande. Shule ya karibu ikikubali, mmepona.

Kuhusu vibali. Pombe ya kuuza inaongozwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Mwoneni afisa biashara wa halmashauri ya wilaya mapema, mkiwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha shughuli na barua ya mtendaji wa kijiji iliyopita kwa mtendaji wa kata. Ombeni kibali cha siku moja chenye jina la mahali na saa. Nakala ipelekwe polisi. Msiseme ni harambee tu mkadhani hamhitaji kibali: mkiuza kwa tiketi, mmeuza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na watoto watakuja na mama zao, kwa hiyo meza ya pombe iwe na kamba na lango moja lenye mgambo. Gongo isikanyage hapo hata chupa moja. Ikionekana, kibali chote kimekwenda.

---

Daftari_la_Hazina

Salaam. Nimesoma yote, sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hesabu ya mbege peke yake haifiki mnakokwenda.

Chukueni lita 400, toeni asilimia 5 ya mashapo na kumwagika, inabaki 380. Tuseme lita ni shilingi 1,000. Mkiuza hadi tone la mwisho mna 380,000. Lengo ni milioni 3. Mkinunua ndizi, ulezi na kuni kwa bei ya Desemba, faida inaweza isizidi laki moja na nusu. Mkitegemea pombe, paa halitapanda.

Kuna mambo mawili yanayobadilisha hesabu. La kwanza, malighafi zisinunuliwe. Kila balozi wa nyumba kumi akusanye mkungu mmoja na debe la ulezi kwa nyumba zake, na kuni. Watu wa kijijini wasio na fedha taslimu Desemba wanayo migomba. Aliyetoa mkungu ameshachangia, na atakuja na wageni wake. Andikeni jina lake ubaoni kama mnavyoandika wa laki moja.

La pili ni mnada. Mbege inawaleta watu na kuwakalisha, mnada ndio unaoezeka. Kata ya kwanza ya mbege, ile mzee wa ukoo anayoonja mbele ya watu kabla ya wengine, iuzwe kwa mnada kwa koo zote. Mkungu mzuri, jogoo, mbuzi, kapu la parachichi: kila kitu kilichotolewa bure kinaweza kuuzwa, mnunuzi akakirudisha, kikauzwa tena. Mfanye saa nane hadi saa kumi. Kabla ya hapo watu bado wanasalimiana, baada ya hapo wamelewa na ahadi zao hazina uzito.

Kuhusu kuvuja, fedha huvuja sehemu nne.

Kwenye pipa. Mchotaji asishike fedha kabisa. Tiketi ziuzwe meza nyingine, zenye namba na muhuri wa kijiji, rangi ya siku hiyo tu. Tiketi moja, nusu lita. Lita 380, mkitoa 20 za kuonja nitakazozitaja hapa chini, zinabaki 360, ni tiketi 720, chapisheni 720 basi. Mchotaji anachana tiketi na kutumbukiza nusu kwenye ndoo yenye kifuniko.

Kwenye kipimo. Kata haziko sawa; moja inabeba nusu lita, nyingine robo tatu. Tumieni jagi moja la plastiki lenye alama. Kisha tengenezeni kijiti cha pipa: mimina maji lita 20 kwa ndoo iliyopimwa, chovya fito iliyonyooka, kata alama kwa kisu; mimina 20 nyingine, kata tena, hadi pipa lijae. Kila saa mtu wa hazina anachovya kijiti, anaandika lita zilizobaki na tiketi zilizochanwa. Saa saba pipa likionyesha limeshuka lita 120 na ndoo ina tiketi 190 badala ya 240, mnajua lita 25 zimepita bila tiketi, na mnajua ni zamu ya nani. Mkisubiri jioni hamtajua chochote.

Kwenye kuonja. Wapishi, wazee, mgambo na wapiga ngoma wote wana haki ya kunywa. Tengeni dumu lao la lita 20 tangu asubuhi na liandikwe. Mkiacha wachote pipani, hapo ndipo lita 60 zinapotelea, na hakuna aliyeiba.

Kwenye simu. Lipa namba iwe ya akaunti ya kamati, yenye watia saini watatu. Namba ya mtu binafsi isitajwe kwenye kipaza sauti hata kama mtandao umekatika.

---

Katibu_Kamati

Nashukuru sana wakuu, hii ni hazina. Mambo mawili bado. Ahadi: kuna watu wataahidi laki mbili, Januari simu hazipokelewi. Na kijijini tuna waumini wasiokunywa kabisa, Waislamu na baadhi ya madhehebu, nao zahanati ni yao. Tusingependa wajione wametengwa.

---

Daftari_la_Hazina

Ahadi: isomwe kwa sauti ikiwa tu nusu imeshalipwa palepale. Isiyo na malipo iandikwe daftarini, isitangazwe. Heshima ya kutajwa hadharani ndiyo inayolipa ahadi, ukiitoa bure umeimaliza. Andika jina, namba ya simu, kiasi, na tarehe anayoitaja mwenyewe, naye aweke saini. Tarehe isivuke 10 Januari, kabla hajamaliza fedha kwenye ada za shule.

Fedha taslimu zihesabiwe saa kumi na moja kukiwa bado na mwanga, na watu watatu, mmoja wao asiwe mwanakamati. Jumla iandikwe kwenye ubao kwa chaki na isomwe kabla watu hawajatawanyika. Mstari wa mbege, wa mnada, wa michango ya simu, wa ahadi ambazo hazijalipwa, kila mmoja peke yake. Usiku huo sanduku lilale kwa mtendaji likiwa na kufuli mbili na funguo kwa watu tofauti. Jumatatu benki.

---

Mama_Kihamba

Kuhusu wasiokunywa, jibu limo kwenye ulezi wenu uleule. Tengeni kilo 6 za unga wa kimea mpike togwa lita 60: uji wa mahindi au ulezi, ukiwa vuguvugu unatia kimea kibichi, unaacha usiku mmoja tu. Ipikwe Ijumaa jioni, ndani ya sufuria ambazo hazijawahi kuwa na mbege, na koroga yake peke yake. Hata mabaki kidogo ya mbege ni chachu, togwa itageuka pombe kabla ya saa sita mchana, na mtakuwa mmemkosea mtu wa dini bila kujua. Meza yake iwe upande wa pili wa uwanja pamoja na chai na maziwa, ikihudumiwa na wasiogusa pombe. Bei ileile, tiketi za rangi nyingine.

Nyama nayo, mwombeni mzee wa Kiislamu wa kijiji achinje mbuzi wote. Hakuna atakayekosa kula.

---

Bwana_Afya_Mstaafu

Ongezeni na kumuuliza mapema sheikh na wachungaji kama wanaona sawa fedha za pombe zitumike kwenye zahanati. Ikiwa kuna kinyongo, fedha za togwa, nyama na mnada zinunue bati, za mbege zilipe mafundi na mchanga. Semeni hivyo hadharani tangu mwanzo.

Na bodaboda: madereva watakaobeba watu jioni waandikishwe asubuhi, wavae fulana moja, na wachotaji waambiwe fulana hiyo haiuziwi mbege. Wapeni chakula bure. Barabara za huku ni mteremko na kona, na ukungu unashuka saa kumi na mbili.

---

Msesewa_Tree

Mabaki, kabla hujauliza: machicha ya ndizi na ya ulezi yatolewe siku hiyohiyo kwa wenye nguruwe na ng'ombe, kidogo kidogo, yakichanganywa na majani. Yakilala siku mbili yanawalevya na kuwavimbisha. Yauzeni kwa debe pia, debe 6 hadi 8 mtapata. Mbege itakayobaki Jumapili asubuhi chukueni lita 4 za chachu kwa mpishi atakayepika tena, nyingine mwaga kwenye shimo la mbolea. Msiipeleke kilabuni kuuzwa kwa jina la zahanati, hesabu yenu ilishasomwa.

---

Katibu_Kamati

Asanteni wote. Nimechapisha uzi mzima, unasomwa kwenye kikao cha Jumapili. Kijiti cha pipa fundi anaanza kesho.